Siti binti Saad wa Ng'ambo, na lami ya mtaani kwetu Sumbawanga

Huku Ufipa upepo wa Juni umeshaanza kupiga, watu tunatembea na makoti mpaka saa nne asubuhi, kwa hiyo mkiona makosa ya kuchapa mjue ni vidole vimeganda.

Nilikaa nikaanza kuandika habari ya barabara ya mtaani kwetu, nikajikuta naandika habari za Siti binti Saad. Msinicheke, nitafika.

Lami ilipowekwa tulishangilia wote. Vumbi limekwisha, mtaro upo, taa zinawaka. Haikupita muda kodi za vyumba zikapanda zaidi ya mara mbili. Jirani yangu mmoja, mama wa maandazi, alikuwa amepanga chumba hapo miaka tisa. Alishindwa, akahamia pembeni kabisa ya mji, ambako maji ni ya kufuata na wateja hakuna. Kikao cha mtaa kilipoitwa kuzungumzia awamu inayofuata ya maboresho, majina yaliyoandikwa kwenye orodha yalikuwa ya wenye nyumba tu. Nilipouliza habari za wapangaji nikajibiwa kwamba mpangaji ni mpita njia. Basi, nikanyamaza. Usiku nikachukua kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad, maana nilikumbuka kuna mwanamke aliyewahi kuonekana mpita njia kwenye mji wa watu.

Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, wote watu wa asili ya utumwa, na mtoto naye wakampa jina la Mtumwa. Ndiyo, Mtumwa binti Saad. Hilo la Siti, yaani bibi wa heshima, lilikuja baadaye sana, akiwa tayari mtu mzima na sauti yake imeshasikika. Kwao walikuwa wakulima na wafinyanzi. Yeye alibeba vyungu kichwani kutoka shamba, akitembea na kunadi kwa sauti ili wateja watoke milangoni. Watu wengi husema koo lile lilikomaa hapo, kwenye biashara ya vyungu, na mimi sina sababu ya kubisha.

Utumwa wa kisheria ulifutwa Unguja mwaka 1897. Lakini kufuta sheria ni jambo moja, kupata pa kulala ni jingine. Waliotoka mashambani walikimbilia mjini, na mjini kwenyewe kulikuwa na sehemu mbili zilizotengwa na mkono wa bahari. Upande mmoja ni Mji Mkongwe, majumba ya mawe, Waarabu wakubwa, Wahindi wenye maduka, Wazungu wa serikali. Upande wa pili ni Ng'ambo, nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti. Jina lenyewe linakuambia limetolewa na nani, maana ng'ambo ni ng'ambo kwa yule aliyesimama upande wa mawe. Waliojaza Ng'ambo ni Wamanyema, Wanyasa, Wayao, Wazaramo, Wanyamwezi, Wangazija na wengine. Ndugu zangu wa Rukwa tusione ni habari ya mbali. Misafara ya pembe na watumwa ilipita huku kwetu pia, na watu wa pwani waliweka makazi Kirando, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Baadhi ya jasho la Ng'ambo lilitoka bara hii hii.

Siti alihamia mjini mwaka 1911. Hakuwa na elimu ya darasani, hakuwa na ukoo wa kujivunia, na hata sura yake watu waliisema. Washindani wake walimtungia wimbo wa kejeli kwamba amekuja mjini na kaniki, amekuwa mtu lini huyu. Kaniki, kwa wasiojua, ni ile nguo nyeusi ya kazi waliyovaa watumwa wanawake. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba sura si hoja, wamtazame akili na tabia. Aliyemfundisha muziki ni Muhsin Ali, mtu wa taarabu. Wakati ule taarabu ilikuwa ya kasri na vilabu vya wanaume, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Siti na wenzake, akina Maalim Shaaban, Mbaruku, Subeti Ambar na Buda Swedi, waliiimba kwa Kiswahili. Leo inaonekana jambo dogo. Siku zile ilikuwa ni kuichukua karamu ya kasri na kuipakulia mitaani.

Na mitaani ndiko ilikopakuliwa hasa. Siti aliimba kwenye majumba ya wakubwa, akalipwa, lakini kundi lake lilikutana kufanya mazoezi nyumbani kwake Ng'ambo, na majirani walikaa kusikiliza bila kiingilio. Pale ndipo habari za mji zilipogeuka nyimbo. Karani aliyeiba fedha za watu akaimbwa. Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka bara kisha akakimbilia Tanganyika, akaimbwa, na wimbo ule haukumwacha hakimu salama, kwa sababu wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliogeuziwa kibao. Hapakuwa na gazeti la mtu wa Ng'ambo wakati ule.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niamke kitandani kuandika. Mwaka 1928 ndio mwaka mkubwa katika maisha ya Siti. Mwezi Machi alikwenda Bombay, India, kurekodi santuri za His Master's Voice, na nyimbo za Kiswahili zikauzwa kwa maelfu pwani yote na bara. Mwaka huo huo mtaa wake ulikuwa unawaka moto wa kitu kingine kabisa, yaani kodi ya ardhi.

Hali ilikuwa hivi. Mtu wa Ng'ambo alikuwa na nyumba yake aliyoijenga mwenyewe, na wanawake wengi walikuwa wenye nyumba. Ila kiwanja hakikuwa chake. Viwanja vingine vilikuwa vya wakfu, vilivyowekwa na matajiri wa zamani ili wategemezi wao na maskini wapate pa kukaa, na kwa miaka mingi watu walikaa bure au kwa kitu kidogo cha heshima. Mji ulipokua na ardhi ikapata bei, wenye viwanja wakaanza kudai kodi, wakaipandisha, kisha wakapandisha tena. Asiyelipa avunje kibanda chake aondoke. Mwishoni mwa 1927 na kuingia 1928 Ng'ambo ikagoma. Watu walikataa kulipa, mtaa kwa mtaa, wanawake wakiwa mstari wa mbele, wengine wakapelekwa mahakamani. Serikali ya Waingereza, ambayo haikuwa na huruma ya bure, ililazimika kutunga sheria ya kuzuia wenye ardhi wasipandishe kodi watakavyo.

Hebu fikirieni, wadau. Watu ambao wazazi wao waliuzwa sokoni, wasio na kura wala mbunge, waliibana serikali kwa habari ya kiwanja. Sisi tuna Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, tuna wenyeviti wa mitaa wa kuchaguliwa, na bado orodha ya kikao inaandikwa nusu. Fidia yetu inamtazama mwenye haki ya ardhi na maendelezo yake. Mama wa maandazi maendelezo yake ni wateja wa miaka tisa, na hayo mthamini hayaandiki.

Shaaban Robert alikutana na Siti katika siku zake za mwisho, ndipo kikapatikana kile kitabu. Kwa maoni yangu alimpamba mno kwa tabia njema, kelele za mtaa hazisikiki vya kutosha, lakini bila yeye tungekuwa na nini? Siti alifariki Julai 1950.

Ng'ambo yenyewe ilikuja kuboreshwa kwa mtindo mwingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yalianza kujengwa maghorofa, kwanza Kikwajuni kisha Michenzani, na vibanda vingi vikavunjwa kupisha. Waliopata nyumba za umeme na maji walifurahi, na ni haki yao. Lakini yaliyojengwa ni sehemu ndogo tu ya yaliyochorwa, ujenzi ukasimama miaka ya sabini. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, upande wa mawe. Ng'ambo ilibidi isubiri mpaka mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, kuanzia 2013, ambapo wataalamu wa mipango miji wa Zanzibar na wenzao walipita mitaani kuuliza wakazi wanakumbuka nini na wanataka nini, wakachora ramani ya baraza, viwanja vya mpira, maskani na sehemu za ngoma. Kuuliza tu. Hakuhitaji lami hata debe moja.

Na jina la Siti? TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988 kililiita Sauti ya Siti.

Juzi nilimweleza mama wa maandazi habari hizi tukiwa kibandani kwake kipya. Alisikiliza, akageuza maandazi, akauliza kama huyo Siti naye alikuwa amepanga. Kisha akauliza kikao kingine ni lini. Nimesikia ni baada ya mavuno ya mahindi, tarehe haijatoka. Nimemwahidi kumpigia siku ikijulikana, na kama orodha itakuwa ile ile ya wenye nyumba, tutaingia wote wawili na kukaa benchi la mbele.