Jock Stein: Mchimba Makaa Aliyegeuka Mwalimu wa Kandanda

Jioni, kabla wavuvi wa Rumonge hawajawasha taa zao na kuingia ziwani kutafuta ndagala, vijana husimamisha magoli ya miti mchangani na kupiga mpira mpaka giza liwazuie. Miongoni mwao huwamo askari na polisi waliomaliza zamu. Na pembeni hakosekani mtu mzima mmoja ambaye magoti yamekwisha kumkatalia, lakini mdomo haujachoka kuelekeza nani apande na nani arudi. Wapo wanaomcheka, wakidhani anatafuta uzeeni sifa alizozikosa ujanani. Sisi hatumcheki. Mtu wa namna hiyo alipata kutokea huko Ulaya, na leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za maisha yake.

Jina lake John Stein, naye alijulikana zaidi kwa jina la Jock. Alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1922 huko Burnbank, katika mji wa Hamilton, nchini Uskoti. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mwana naye, baada ya kuacha shule na kufanya kazi kwa muda mfupi katika kiwanda cha mazulia, alishuka shimoni. Wavuvi wetu wa usiku wataielewa kazi hiyo: mtu huchuma riziki yake gizani kwa mwanga wa taa, na uhai wake umo mikononi mwa mwenziwe. Stein aliishi hivyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 1942 alijiunga na Albion Rovers, timu ndogo ya mji wa Coatbridge. Siku za kazi alichimba makaa, na Jumamosi alicheza. Alikuwa sentahafu mwenye nguvu na hodari wa mipira ya juu, lakini hakuhesabiwa miongoni mwa mafundi. Timu yake ilipanda daraja mwaka 1948, na mwaka uliofuata ikashuka. Mwaka 1950 alihamia Wales kuichezea Llanelli, klabu iliyokuwa nje kabisa ya ligi kubwa ya Uingereza. Huko ndiko alikopata kwa mara ya kwanza kuishi kwa mpira peke yake. Lakini nyuma yake wezi waliivunja nyumba yake ya Hamilton mara mbili, na mkewe akataka warudi kwao. Stein alikuwa karibu kurejea shimoni, na jina lake lingeishia hapo.

Desemba 1951 klabu ya Celtic ya mji wa Glasgow ilimnunua kwa paundi 1,200. Haikumtaka kwa ajili ya timu ya kwanza. Ilimtaka awe pamoja na vijana wa akiba na kuwafunza. Basi na tuangalie vizuri: mtu huyu aliitwa kwa sababu ya kile alichokijua, wala si kwa wepesi wa miguu yake. Majeruhi walipozidi, yeye ndiye aliyejaza pengo, kisha akafanywa nahodha, na mwaka 1954 Celtic ikatwaa ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la Uskoti. Mwaka uliofuata aliumia kifundo cha mguu. Mwaka 1957 aliacha kucheza, akichechemea, akakabidhiwa timu ya akiba.

Machi 1960 alipewa Dunfermline, timu iliyokuwa ukingoni mwa kushuka daraja. Mchezo wake wa kwanza aliwashinda Celtic wenyewe, na timu ikanusurika. Mwaka 1961 aliwafunga Celtic tena, 2-0, katika mchezo wa marudio wa fainali ya Kombe la Uskoti. Baada ya kupitia Hibernian, alirudi Celtic mwaka 1965 akiwa mkuu wa timu.

Kurudi huko hakukuwa jambo dogo. Celtic ilianzishwa na Wakatoliki, na Glasgow ya siku hizo ilikuwa imegawanyika kwa madhehebu hata katika mpira. Stein alikuwa Mprotestanti, naye ndiye wa kwanza asiye Mkatoliki kupewa uongozi huo. Nchi yetu, ambayo imezika watoto wake wengi kwa sababu ya mafarakano, haihitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Yeye alimpima mchezaji kwa kazi yake uwanjani. Wala hakuongoza kutoka ofisini kama wengi wa wakati ule. Alivaa nguo za mazoezi akaingia uwanjani pamoja na vijana wake, kama kamanda anayelala handakini na askari wake.

Tarehe 25 Mei 1967, mjini Lisbon, Celtic ilikutana na Inter Milan ya Italia katika fainali ya Kombe la Ulaya. Inter walikuwa wamelitwaa kombe hilo mwaka 1964 na 1965. Walitangulia kwa penalti, wakarudi nyuma kulinda. Celtic walishambulia bila kuchoka, wakashinda 2-1, na kuwa klabu ya kwanza ya Kiingereza au ya Kiskoti kulitwaa kombe hilo. Wachezaji wote walikuwa wamezaliwa si zaidi ya maili 30 kutoka Glasgow. Stein hakununua nyota wa mbali. Aliwatazama vijana wa nyumbani mpaka akaona walichonacho. Kuanzia 1966 hadi 1974 alitwaa ubingwa wa ligi mara tisa mfululizo.

Alijua pia kushindwa. Mwaka 1970 Feyenoord ya Uholanzi ilimfunga 2-1 katika fainali kama ile. Tarehe 2 Januari 1971, katika uwanja wa mahasimu wake Rangers, watu 66 walikufa kwa kusongamana ngazini. Stein alikuwa miongoni mwa waliohudumia majeruhi, na siku hiyo hakuna aliyeuliza dhehebu la mtu.

Kuanzia 1978 aliiongoza timu ya taifa. Tarehe 10 Septemba 1985, mjini Cardiff, Uskoti ilitoka sare 1-1 na Wales, matokeo yaliyoiweka hai safari yake ya Kombe la Dunia. Mchezo ukielekea kumalizika, Stein alianguka kando ya uwanja. Alifariki humo humo uwanjani, akiwa na umri wa miaka 62, katika nchi ile ile ya Wales alikocheza bila kujulikana.

Ndugu zetu, kila mwaka wapo miongoni mwetu wanaovua sare na kurudi nyumbani na elimu yao yote vifuani. Yule mzee wa mchangani Rumonge huenda ni mmoja wao. Akiita jioni ya leo, mwendeeni, msikilizeni.