William Miller, Mkulima Aliyeihesabu Siku ya Mwisho

Katika kurasa hizi napenda kuwasimulia maisha ya William Miller wa Marekani. Labda mmoja wenu atauliza, mkulima aliyekufa mwaka wa 1849 atufaa nini sisi watu wa Uganda? Mimi nafundisha hesabu, na kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kuniuliza kama siku ya kurudi kwake Bwana Yesu yaweza kujulikana kwa hesabu. Miller alilijaribu jambo hilo kwa bidii nyingi na kwa moyo safi. Yaliyompata yatufaa sana.

Alizaliwa tarehe 15 Februari, 1782, huko Pittsfield katika jimbo la Massachusetts. Alipokuwa na umri wa miaka minne wazazi wake walihamia Low Hampton, katika jimbo la New York, karibu na mpaka wa Vermont. Yeye alikuwa kifungua mimba, na nyuma yake walizaliwa wengine kumi na watano. Vitabu nyumbani vilikuwa haba, na shule ilifunguliwa miezi michache tu wakati wa baridi. Lakini kijana yule alikuwa na kiu ya kusoma. Usiku wenzake walipolala, yeye aliwasha vipande vya msonobari mekoni apate mwanga wa kusomea.

Mwaka wa 1803 alimwoa Lucy Smith, wakahamia Poultney katika Vermont, mji uliokuwa na maktaba. Huko akasoma vitabu vya Voltaire, Hume na Paine, akafanya urafiki na watu waliofikiri kwamba Mungu aliuumba ulimwengu kisha akauacha uende wenyewe, kama saa iliyokwisha tiwa ufunguo. Imani aliyolelewa nayo na mama yake, binti wa mhubiri wa Kibaptisti, akaiacha.

Mwaka wa 1812 vita vikatokea kati ya Marekani na Uingereza, na Miller akawa kapteni. Tarehe 11 Septemba, 1814, alikuwapo Plattsburgh, ambako Wamarekani wachache walilishinda jeshi la Waingereza lililokuwa kubwa kuliko lao. Ushindi ule ulimsumbua moyoni. Aliona kwamba hauelezeki kwa nguvu za watu peke yake. Tena alikuwa ameona vifo vingi, akaanza kujiuliza kama kweli kaburi ndio mwisho wa mambo yote.

Baada ya vita alirudi Low Hampton kulima, na mwaka wa 1816 akamrudia Kristo. Rafiki zake wa zamani wakamcheka, wakamwuliza atafanyaje na mambo ya Biblia yasiyopatana. Miller hakukasirika, bali aliomba muda. Akaweka mezani vitabu viwili tu: Biblia, na kitabu kinachoonyesha kila neno la Biblia lapatikana wapi. Akaanzia Mwanzo, akaenda mstari kwa mstari, wala hakuuacha mstari mpaka ameridhika kwamba ameuelewa. Kazi hiyo ikamchukua kama miaka miwili.

Hapo ndipo alipokutana na jambo lililokuja kubadili maisha yake. Siku zile wahubiri wengi wa Marekani walifundisha kwamba Injili itaenea, dunia itazidi kuwa njema, itafuata miaka elfu ya amani, na mwisho wake ndipo Bwana atakaporudi. Miller aliona kinyume cha hayo: Bwana atarudi kwanza, na miaka elfu itafuata. Hata leo Wakristo hawajapatana juu ya swali hilo.

Kisha akapiga hesabu. Kitabu cha Danieli, sura ya 8, chataja siku 2,300 na kutakaswa kwa patakatifu. Miller alichukua kila siku kuwa mwaka mmoja, na patakatifu akapafahamu kuwa ni dunia, itakayotakaswa kwa moto Bwana atakaporudi. Akaanza kuhesabu tangu mwaka wa 457 kabla ya Kristo, wakati mfalme wa Uajemi alipotoa amri juu ya Yerusalemu. Toa 457 katika 2,300, utapata 1843. Hesabu hiyo aliimaliza mwaka wa 1818, na kwa hiyo aliona imebaki miaka 25 tu.

Je, alikimbilia barabarani kupiga kelele? La. Aliipima tena na tena, na miaka 13 ikapita asisimame mbele ya watu. Aliogopa kuwapoteza, tena aliona haya kwa kuwa hakuwa msomi. Hata Jumamosi moja mwezi wa Agosti, 1831, akamwahidi Mungu kwamba akiitwa na mtu, atakwenda. Nusu saa haikupita, mpwa wake akabisha hodi, akimwomba aje kufundisha huko Dresden. Yasemekana Miller alitoka nje kwa hasira, akaenda katika kijisitu karibu na nyumba, akashindana na Mungu katika sala. Aliporudi, alikuwa tayari kwenda. Umri wake ulikuwa miaka 49.

Kwa miaka minane alihubiri katika miji midogo na vijiji, na safari zake nyingi alizigharimia mwenyewe. Mwaka wa 1839 akakutana na mchungaji wa Boston, Joshua Himes, mtu hodari wa kupanga mambo. Mwaka wa 1840 Himes akaanzisha gazeti. Zikafuata picha kubwa za kuonyesha hesabu, mikutano ya kambi, na hema lililokalisha maelfu ya watu. Waliomfuata Miller hudhaniwa walikuwa kati ya 50,000 na 100,000, watu wa madhehebu mbalimbali.

Umati ulipokua, ulitaka kujua siku hasa. Miller hakupenda kutaja siku. Aliposongwa sana alisema tu kwamba Bwana atakuja kati ya tarehe 21 Machi, 1843, na tarehe 21 Machi, 1844. Muda huo ukapita, wala Bwana hakuja. Miller akakiri waziwazi kwamba amekosea wakati, ingawa aliamini bado kwamba Bwana yu karibu.

Basi, hapa wanafunzi wa hesabu wasikilize vizuri. Wafuasi wake waligundua kwamba baada ya mwaka wa 1 kabla ya Kristo hufuata mara mwaka wa 1 baada ya Kristo. Katikati hakuna mwaka wa sifuri. Kwa hiyo miaka 2,300 ikianzia katikati ya mwaka wa 457, haiishii 1843 bali 1844. Mwezi wa Agosti, 1844, katika mkutano wa kambi huko Exeter, New Hampshire, mtu aliyeitwa Samuel Snow akaeleza kwamba siku yenyewe itakuwa Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, ambayo kwa hesabu yake iliangukia tarehe 22 Oktoba. Neno hilo likaenea kama moto wa nyikani. Miller alisitasita mpaka mwanzo wa Oktoba, kisha naye akakubali.

Wengine wakafunga maduka, wengine wakaacha mazao shambani. Husimuliwa habari za mkulima mmoja wa New Hampshire aliyeacha viazi vyake ardhini, maana kuvichimba kungekuwa kuikana imani yake. Hadithi kwamba watu walivaa kanzu nyeupe wakapanda milimani ilienezwa na wenye kuwacheka, na wanahistoria walioichunguza hawakupata ushahidi wa kutosha. Wengi walikusanyika tu majumbani na makanisani, wakaomba na kungoja. Jua likachwa, usiku wa manane ukapita, kukapambazuka. Watu wakalia mpaka asubuhi.

Taabu ya siku zilizofuata ilikuwa kubwa. Majirani waliwauliza kwa dhihaka mbona hawajaenda mbinguni bado. Waumini wakagawanyika. Wengine walirudi makanisani mwao, na wengine wakaacha dini kabisa. Wengine wakataja tarehe mpya, nazo zikapita. Wengine wakasema siku ilikuwa sahihi, ila lililotokea lilitokea mbinguni, lisionekane kwa macho. Katika hao wa mwisho ndipo lilipotoka Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa mwaka wa 1863. Wamisionari wao walifika Upare mwaka wa 1903 na Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka wa 1906. Ndiyo maana nasema habari za mkulima huyu si za mbali na sisi.

Na Miller mwenyewe? Kanisa la Wabaptisti la kijijini kwake lilimtoa mwaka wa 1845. Mwaka uo huo alichapisha kijitabu cha kueleza maisha yake na imani yake, akakiri kwamba alichokingojea hakikutokea. Hakumtupia lawama Snow wala Himes, na maelezo mapya ya siku ile hakuyakubali. Tumaini lake alilishika, lakini hakulitilia tena tarehe. Macho yake yakafifia, na tarehe 20 Desemba, 1849, akafa nyumbani kwake, umri wake miaka 67.

Mjadala haukufa naye. Wakati Miller akihubiri, huko Ireland na Uingereza John Nelson Darby alifundisha kwamba Bwana atalinyakua kanisa lake kabla ya dhiki kuu, wala haifai kutaja tarehe, kwa sababu yaweza kuwa wakati wowote. Wenzake Benjamin Newton na Samuel Tregelles walimpinga, wakasema kanisa litapita katika dhiki hiyo. Mpaka leo Wakristo wanaoipenda Biblia kwa moyo mmoja wako pande zote mbili.

Kwa nini basi nimeandika haya? Kwa sababu katika nchi yetu tarehe zimeua watu. Viongozi wa kikundi kimoja cha dini waliwaambia wafuasi wao kwamba ulimwengu utakwisha pamoja na mwaka wa 1999. Siku ile ilipita, na tarehe 17 Machi, 2000, mamia ya watu wakateketea ndani ya jengo lao la ibada huko Kanungu. Wengi walikuwa wamekwisha uza mali zao. Mwaka wa 2023 jirani zetu wa Kenya wakaanza kufukua miili katika msitu wa Shakahola, ikapita 400.

Pimeni tofauti. Miller alikosea, lakini hakuchuma mali kwa kosa lake, wala hakuwafungia watu mlango wa kurudi kwao. Hesabu yake aliiweka wazi, kila mtu aikague. Ilipoanguka, alisema mbele ya watu wote kwamba imeanguka. Mtu akikujia na tarehe, ndugu yangu, mwulize kwanza amefanyaje hesabu yake. Kisha mwulize mali yako anaitakia nini. Tena mwulize atasema nini siku ya pili yake, jua likichomoza kama kawaida. Akikasirika kwa kuulizwa, chukua daftari lako uende nyumbani.