Daktari Filatov na macho ya marehemu

Mbele ya mboni kuna kioo cha jicho, utando mwembamba unaopitisha mwanga. Kidonda, surua kali au chokaa vikikiachia kovu jeupe, mtu haoni hata kama sehemu ya nyuma ya jicho ni nzima. Huo si mtoto wa jicho, na miwani haiuondoi. Vladimir Filatov aliushughulikia ugonjwa huo karibu maisha yake yote.

Alizaliwa Urusi mwaka 1875, mtoto wa daktari. Alihitimu udaktari Moscow mwaka 1897, na mwaka 1903 akahamia Odessa, mji wa bandari ambao leo uko Ukraine.

Miaka miwili baadaye, huko Olomouc, Daktari Eduard Zirm alimpandikizia kioo kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa, na jicho moja likaona. Kioo hicho kilitoka kwa mvulana aliye hai, ambaye jicho lake liliharibiwa na ajali likalazimika kutolewa. Ugumu ulikuwa hapo. Ili mmoja aone, mwingine alipaswa kupoteza jicho, tena siku hizo hizo na hospitali hiyo hiyo. Wagonjwa walikuwa wengi, macho ya namna hiyo machache mno.

Filatov alijaribu mwaka 1912. Kioo kilishika, kisha kikaingia ukungu. Hakuacha. Alitengeneza upya vifaa vya upasuaji, hasa kisu cha mviringo, ili lenzi iliyo nyuma ya kioo isijeruhiwe. Halafu, mwaka 1931, akatumia kioo cha marehemu kilichohifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 4. Wapo waliowahi kujaribu kabla yake, lakini ni yeye aliyeifanya iwe tiba ya kawaida. Kuanzia hapo mgonjwa hakuhitaji tena kungoja msiba wa jicho la mtu aliye hai.

Wasomaji huuliza: je, mwili hautakikataa? Kioo hakina mishipa ya damu, kwa hiyo hukataliwa mara chache kuliko figo, ingawa hutokea, na jicho likiwa jekundu, likiuma au likipoteza nuru baada ya upasuaji mgonjwa awahi hospitali siku hiyo hiyo. Familia nazo huogopa sura ya marehemu. Haiharibiki, kope hufungwa kama kawaida.

Mwaka 1936 taasisi yake ya macho ilianzishwa Odessa. Vita vilipofika alihamishiwa Tashkent, akaendelea kutibu, kisha akarudi. Baadaye aliamini kwamba tishu zilizokaa kwenye baridi zinatibu maradhi mengi mengine. Hilo halikuthibitika, na sioni sababu ya kulificha.

Alifariki Odessa mwaka 1956. Taasisi ile sasa ina jina lake, na bado inapokea wagonjwa wa macho.