Syokimau: Mganga wa mitishamba aliyefunikwa na sifa za utabiri

GARIMOSHI la abiria litokalo katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Syokimau hupita kando ya mtaa wa Mukuru kwa Njenga, karibu kabisa na mabati ya nyumba, kabla ya kusimama katika kituo cha Imara Daima. Wakazi wa mtaa huo, ambao wengi wao asili yao ni Ukambani, wameizoea ngurumo yake kiasi cha kutoinua macho linapopita. Hulitaja jina la kituo cha mwisho kila siku, aghalabu bila kukumbuka kwamba ni jina la mwanamke aliyeishi karne ya 19, na kwamba kazi yake ya kila siku haikuwa kutabiri reli bali kutibu wagonjwa.

Syokimau alikuwa Mkamba wa pande za vilima vya Iveti, juu ya mji wa Machakos wa leo. Jina lake lenyewe lamtambulisha kuwa mwanamke, kwani majina mengi ya kike ya Kikamba huanza na Syo. Hakuacha maandishi, wala hakuna mgeni aliyeandika habari zake alipokuwa hai. Yote yanayojulikana kumhusu yalihifadhiwa katika vinywa vya wazee, yakapokezwa kizazi kwa kizazi hadi yalipofika katika vitabu vya shule.

Kwa mujibu wa masimulizi hayo, Syokimau alikuwa mundu mue, yaani mtu mwenye kipawa cha kuona yaliyofichika na kutibu maradhi. Cheo hicho hakikurithiwa kama mali. Wakamba waliamini kuwa mtoto aliyekusudiwa kazi hiyo huzaliwa akiwa amekumbatia vijiwe au mbegu kiganjani, na wazazi wake wakajua tangu siku hiyo kwamba maisha yake hayatakuwa ya kawaida. Mundu mue hakuwa mchawi. Wakamba walitofautisha wazi kati yake na mwenye kuroga, ambaye walimwita muoi na kumwogopa. Ikumbukwe kuwa tofauti hiyo, iliyokuwa bayana kwa kila mtoto wa Iveti, ndiyo iliyowashinda kuielewa watawala waliokuja baadaye.

Sifa iliyompeleka mbali ni utabiri. Inasimuliwa kwamba aliwaonya watu wake mapema kuhusu mashambulizi ya Wamaasai, na vijana wa vita wakapata nafasi ya kujiandaa. Kisha akawaambia mambo ambayo hawakuweza kuyaelewa. Aliona nyoka mrefu akitoka katika maji ya mashariki hadi maji ya magharibi, huku akitema moto na moshi. Aliona watu wenye ngozi nyekundu kama nyama, wasemao lugha isiyoeleweka kama milio ya ndege, na ambao hubeba moto mifukoni mwao. Waliomsikia walishindwa kujua ni moto gani huo ukaao mfukoni bila kuunguza nguo. Wazee waliokuja kuviona viberiti baadaye ndio waliofasiri.

Wapo wanaoyapuuza masimulizi haya kuwa yalitungwa baada ya reli kufika. Lakini ni vyema kukumbuka kwamba Wakamba hawakuwa watu wa kujifungia vilimani. Misafara yao ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka hadi pwani tangu mapema katika karne hiyo, ikirudi na nguo, shanga, chumvi na habari. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849 na kupokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara. Mwanamke mwenye akili pevu, ambaye kila msafiri na kila mgonjwa alipita mlangoni pake, angeweza kusikia mengi na kuyaunganisha kuliko mtu mwingine yeyote. Kumwona hivyo si kumpunguzia heshima.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mnamo Mei 1899, na ikagota Ziwa Viktoria, panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901. Haikupanda Iveti. Ilipita chini kwenye mbuga za Athi, na mwaka uo huo wa 1899 makao ya utawala wa mkoa yakahamishwa kutoka Machakos hadi Nairobi. Katika kipindi hicho Ukambani ilipigwa na njaa kali ya 1898 na 1899, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, iliyoandamana na ndui. Nyoka alifika pamoja na mauti, na pengine ndiyo sababu maneno ya Syokimau yalishika katika nyoyo za watu kiasi kile.

Utabiri huo ndio uliofunika kazi yake nyingine. Wengi waliomwendea mundu mue hawakwenda kuuliza habari za wageni wa ng'ambo. Walibeba mtoto anayekohoa usiku kucha, au mzee aliyebanwa kifua kwa baridi ya Julai, maana Iveti ni nchi ya ukungu na upepo mkali wakati wa kipupwe. Mganga alitikisa kibuyu chake cha mbegu na kokoto kutafuta chanzo cha ugonjwa, kisha akageukia mimea. Dawa alizotoa Syokimau kwa mkono wake mwenyewe hazikuandikwa, lakini zile zilizotumiwa na waganga wa Ukambani zingali zinajulikana.

Kuu miongoni mwazo kwa mafua na kikohozi ni mukenea, mti wa miiba ambao Waswahili huuita mjafari. Gome lake huchunwa, hupondwa na kuchemshwa, na mgonjwa hunywa maji yake, mara nyingi yakiwa yamechanganywa na supu ya mbuzi ili kuupoza ukali wake. Ukitafuna kipande chake ulimi hufa ganzi kwa muda, na koo linalowasha hutulia. Majani yake hutiwa katika chai hata na watu wasioumwa. Gome la muthulu nalo lilichemshwa kwa kikohozi kizito cha kifua. Mutaa, ambao ni jamaa ya mrihani na kivumbasi, ulivunjwa majani, ukafikichwa viganjani na kunuswa ili kuzibua pua. Kiluma, yaani mshubiri, ulitoa utomvu mchungu usiosahaulika na aliyewahi kuunywa utotoni.

Juu ya yote ilikuwapo asali. Wakamba ni warina asali tangu zamani, na mizinga yao ya magogo yaliyotobolewa huning'inia mitini hadi leo katika nyika za Kitui na Makueni. Katika hili sayansi haikuwa na budi kuwafuata mabibi wa kale. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilichapisha tathmini ya dawa za kikohozi na mafua kwa watoto wadogo, likaeleza kuwa vinywaji vya kutuliza koo vinavyotengenezwa nyumbani, asali na limau vikiwamo, vyafaa kuliko dawa nyingi za chupa zinazouzwa madukani. Tahadhari moja ni ya lazima: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali kamwe, hata kwa kulambishwa, kwa sababu inaweza kuwa na vijimea vya sumu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvizuia.

Elimu hiyo ya mimea ilipata pigo kutoka pande mbili. Misheni ya Africa Inland ilianza kazi yake Nzaui, Ukambani, mwaka 1895, na katika mahubiri mengi mundu mue alichorwa kuwa mtumishi wa giza. Baadaye serikali ya kikoloni ikatunga Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ambayo kwa macho ya maafisa wengi wa wilaya haikuacha nafasi kubwa kati ya mganga na mchawi. Waliokuwa na ujuzi wakajificha nao. Wengi walikufa bila kumwonyesha mtu mti. Hasara hiyo haina hesabu, na ni ajabu kwamba taifa linalojivunia jina la Syokimau halikuihisi kwa muda mrefu. Baada ya uhuru mambo yalianza kugeuka. Mtaalamu wa mimea John Kokwaro alichapisha kitabu kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976, na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, ikawa na kituo cha kuchunguza dawa za kienyeji.

Jambo moja katika kisa hiki lingemfurahisha mwenyewe mganga. Injini za reli zilikuwa zikila kuni nyingi mno, na ili kuzilisha, mikalatusi kutoka Australia ililetwa nchini mwaka 1902. Leo majani ya mkalatusi ni miongoni mwa dawa za kwanza ambazo familia nyingi za Kenya hutafuta mtu apatwapo na mafua. Mwarobaini nao asili yake ni Bara Hindi, kulikotoka pia vibarua wapatao 32,000 walioijenga reli hiyo. Nyoka aliyetabiriwa alikuja na dawa ya kikohozi mgongoni, na hakuna masimulizi yasemayo kwamba Syokimau aliliona hilo.

Jina lake limekua. Eneo la Syokimau katika Kaunti ya Machakos limejaa majumba ya kisasa. Rais Mwai Kibaki alifungua kituo cha reli chenye jina hilo Novemba 2012, na reli ya kisasa kutoka Mombasa ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, kituo chake kikuu cha Nairobi kilikuwa kimejengwa papo hapo Syokimau. Nyoka wa pili amelala penye jina la aliyemwona wa kwanza.

Kazi yake ya uganga, hata hivyo, haiko kwenye vituo hivyo. Iko upande wa pili wa reli, katika vyumba vya Mukuru kwa Njenga. Mtaa huo umebanwa kati ya Eneo la Viwanda na Mto Ngong, na hewa yake imebeba moshi wa viwanda, wa jiko la makaa na wa taka zinazochomwa. Kikohozi huko si mgeni wa msimu wa baridi pekee. Tangawizi hupondwa, ikachemshwa kwa dakika kadhaa, sufuria ikaepuliwa. Maji yakishakuwa vuguvugu ndipo limau hukamuliwa na asali kuongezwa. Wengine hutia kitunguu saumu. Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia nchini, malimau na tangawizi yalitafutwa jijini kwa wingi usio wa kawaida, ingawa hapakuwa na ushahidi kwamba vinaua virusi hivyo. Vinatuliza koo na kumpasha mgonjwa joto, na kazi hiyo si ndogo saa nane za usiku.

Kujifukiza ndiko kunakohitaji uangalifu. Sufuria ya maji yanayotokota na majani ya mkalatusi ikiwekwa sakafuni katika chumba cha futi 10 kwa 10, penye watoto watatu na blanketi moja, ni hatari kuliko mafua yenyewe. Watoto wameungua vibaya kwa njia hii. Mafuta ya mkalatusi nayo hayanywewi, kwani ni sumu. Vilevile, mundu mue hodari alijulikana kwa kutambua ugonjwa uliomzidi, na kwa wakati huu dalili zake zinafahamika: mtoto apumuaye kwa kasi au ambaye mbavu zake zinabonyea ndani kila avutapo pumzi ana dalili za nimonia na hupelekwa hospitali mara moja, naye mtu anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili hupimwa kifua kikuu, ambacho hakuna tangawizi iwezayo kukiondoa.

Mukenea haumei Mukuru. Anayeutaka huagiza gome kutoka mashambani, na mashambani kwenyewe miti imepungua kwa sababu ya uchomaji makaa na ya wachunaji wenye pupa. Waganga wa zamani walichuna upande mmoja tu wa shina, ukanda mwembamba, kisha wakauacha mti upone kwa misimu kadhaa kabla ya kuurudia. Wachunaji wa soko huuzungusha panga shina zima, na mti uliochunwa hivyo hukauka.