MFALME ALIYEOMBA AKIWA NA PINGU

Kijana mwenzangu! Usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho, ni dakika chache tu.

Nataka kukusimulia habari za mtu mmoja aliyekuwa na vyote ambavyo vijana wengi wanavitafuta: cheo, mali, watumishi, na hakuna wa kumkataza jambo. Mtu huyo ni Manase, mfalme wa Yuda, aliyetawala Yerusalemu karibu miaka 2,700 iliyopita. Habari zake utazikuta katika Biblia, 2 Wafalme sura ya 21 na 2 Mambo ya Nyakati sura ya 33. Hata Esarhadoni mfalme wa Ashuru, ambaye hakumjua Mungu, alimtaja Manase katika maandishi yake, kwenye orodha ya wafalme waliomtumikia. Kwa hiyo hii siyo hadithi ya kutunga. Mtu huyu aliishi kweli.

ALIZALIWA KWA MAOMBI

Baba yake aliitwa Hezekia, mfalme mcha Mungu. Alivunja sanamu katika nchi na kuifungua tena milango ya hekalu. Siku moja Hezekia aliugua ugonjwa wa kufa. Akageuka akatazama ukuta, akalia na kuomba, na Mungu akamwongezea miaka 15.

Sasa piga hesabu wewe mwenyewe. Hezekia alipokufa, Manase alikuwa na miaka 12. Maana yake alizaliwa ndani ya ile miaka 15 ya nyongeza. Kumbe bila maombi ya baba yake, Manase asingezaliwa kabisa!

Lakini wokovu haurithiwi kama shamba au ng'ombe. Labda na wewe bibi yako alikuwa mtu wa maombi. Labda mama anakuombea usiku wewe ukiwa disko. Maombi yake ni mazuri, lakini hayawezi kutubu kwa niaba yako.

ALIMFUNGULIA SHETANI MLANGO

Manase akawa mfalme akiwa na miaka 12 tu, na alipokua akavijenga tena vyote alivyovibomoa baba yake. Akamjengea Baali madhabahu. Akaabudu jua, mwezi na nyota. Akaenda kwa wapiga ramli, wachawi na wanaosema na wafu. Halafu akachukua sanamu ya kuchonga akaiweka ndani ya nyumba ya Mungu, pale pale baba yake alipokuwa anaabudu.

Dhambi haishibi, ndugu yangu. Inaanza na kidogo, kesho inadai kikubwa. Ikafika siku Manase akawapitisha wanawe katika moto, sadaka kwa miungu, katika bonde la mwana wa Hinomu, nje ya kuta za Yerusalemu. Watoto wake mwenyewe wa kuwazaa! Neno jehanamu limetokana na jina la bonde hilo.

Na watu wasio na hatia aliwaua, mpaka damu ikajaa Yerusalemu toka upande huu mpaka upande ule. Mungu akatuma manabii kumwonya. Hakusikia. Na kumbe kiti chake hakikutikisika. Alitawala miaka 55, mingi kuliko mfalme mwingine yeyote wa Yuda. Kijana, Mungu akikaa kimya usidhani amekubali. Anakupa nafasi.

PINGU

Siku ikafika. Wakaja majemadari wa Ashuru, wakamkamata Manase, wakamtia minyororo na pingu za shaba, wakampeleka Babeli. Ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Yule aliyekuwa anapigiwa magoti sasa anavutwa kama mnyama. Wako wapi Baali? Ziko wapi nyota? Wapiga ramli wake mbona hawakumwambia kwamba majeshi yanakuja? Shetani ndivyo alivyo, anakutumia halafu anakuacha njiani.

Humo kifungoni, Manase akamkumbuka Mungu wa baba yake. Akajinyenyekeza sana, akaomba. Sura ile ya Mambo ya Nyakati haituambii alitumia maneno gani. Inatuonyesha tu kwamba alijinyenyekeza. Hakuwa na sadaka mkononi, hakuwa na kuhani wa kumshika mkono, alikuwa na pingu. Na Mungu akasikia! Mwuaji yule, mchawi yule, aliyechoma watoto, Mungu akamsikia, akamrudisha Yerusalemu kwenye ufalme wake. Haleluya!

Manase aliporudi alionyesha matendo ya toba. Akaiondoa sanamu hekaluni, akazitupa madhabahu za miungu nje ya mji, akaitengeneza madhabahu ya Bwana, akawaamuru watu wamtumikie Mungu wa Israeli.

LAKINI AMONI JE?

Wahubiri wengi wanaishia hapo. Mimi sitaishia hapo, maana nakupenda.

Manase alikuwa na mwana, Amoni. Manase alipokufa, Amoni alikuwa na miaka 22, akashika ufalme. Unajua aliabudu nini? Zile zile sanamu alizozitengeneza baba yake! Toba ya baba hakuifuata, dhambi ya baba aliifuata. Alitawala miaka 2 tu, watumishi wake wakamwua ndani ya nyumba yake.

Manase alisamehewa dhambi zake, ndiyo. Lakini miaka aliyoitupa hakurudishiwa. Wale watoto wa moto hawakufufuka. Na Amoni alikuwa ameshajifunza.

Mimi ninayekuandikia niliokoka nikiwa na miaka 24. Yesu amenisamehe, nina amani, nalala usingizi. Lakini nina mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemnunulia pombe ya kwanza, akiwa bado mtoto wa shule, tukacheka alivyokunja uso. Leo mimi nimeacha, yeye hajaacha. Kila nikimhubiria ananiuliza, kaka, si wewe uliyenifundisha? Nalia mbele za Mungu kwa ajili yake, na sitaacha kuomba.

Kwa hiyo usiniambie eti utaokoka ukizeeka. Mungu atakupokea hata ukizeeka, lakini kuna mtu anakutazama leo. Ni mdogo wako, ni rafiki yako, ni mtoto utakayemzaa. Anajifunza kwako sasa hivi.

TUMAINI LIPO

Amoni aliacha mtoto, Yosia, aliyekuwa na miaka 6 babu yake Manase alipofariki. Huyu Yosia alikuja kuwa mfalme aliyemrudia Mungu kwa moyo wote. Na ukifungua Mathayo sura ya 1 utalikuta jina la Manase katika ukoo wa Yesu Kristo. Yesu hakuona haya kuzaliwa katika ukoo wa mwenye dhambi, na wala haoni haya kukupokea wewe. Alikufa msalabani kwa ajili yako, akafufuka siku ya tatu.

Pingu zako ni zipi? Pombe? Bangi? Uasherati? Hirizi uliyofungwa kiunoni? Usingoje mpaka Babeli. Hapo hapo ulipo, omba hivi kwa moyo wako:

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimekosa mbele zako. Ninatubu. Nisamehe, nioshe kwa damu yako, vunja pingu zangu. Kuanzia leo wewe ni Bwana wangu. Na wale niliowapoteza kwa mfano wangu mbaya, nisaidie kuwarudisha kwako. Amina.

Kama umeomba hivyo kwa kweli, umeokoka! Usibaki peke yako. Njoo mbele uonane na watumishi wa Mungu hapa mkutanoni, au tafuta kanisa la watu waliookoka karibu na kwenu. Na leo hii, kabla hujalala, mwambie yule anayekutazama kwamba umempokea Yesu.