Jacob Wainwright, kijana aliyeandika barua ya Kwihara

Kilometa chache nje ya mji wa Tabora, kijijini Kwihara, kuna tembe lililojengwa upya ambalo sasa ni makumbusho. Wageni huenda pale kuona mahali alipokaa David Livingstone mwaka 1872. Habari za Livingstone wengi wetu tulizisikia shuleni. Leo tunataka kumweleza mtu mwingine, ambaye barua yake ilifika Kwihara tarehe 20 Oktoba 1873. Jina lake ni Jacob Wainwright.

Hilo si jina alilopewa na mama yake. Alikuwa Myao, akatekwa na wafanyabiashara ya watumwa angali mtoto. Manowari za Waingereza zilipokuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, watoto waliookolewa mara nyingi hawakurudishwa kwao. Jacob alipelekwa India, mahali panapoitwa Nasik, bara kutoka Bombay. Huko wamisionari wa Church Missionary Society walikuwa na makazi ya Waafrika waliookolewa utumwani. Akabatizwa, akapewa jina la Kiingereza, akafundishwa kusoma na kuandika kwa Kiingereza. Wenzake wengine walijifunza pia useremala na uhunzi.

Tusifiche jambo hapa. Elimu hiyo ilimjia mtoto aliyekwisha kupoteza kwao na wazazi wake. Lakini aliishika.

Mwaka 1872 Henry Stanley, aliyekuwa ametoka kuagana na Livingstone, alikusanya Zanzibar watu 57 wa kumpelekea mzee huyo bara. Miongoni mwao walikuwamo vijana sita wa Nasik, Jacob mmoja wao. Walipanda kwa miguu kwa njia ya misafara kutoka pwani, njia ile ile ya wapagazi wa pembe za ndovu, wakafika Unyanyembe tarehe 14 Agosti. Siku kumi na moja baadaye wakaondoka na Livingstone kuelekea kusini.

Mzee hakurudi. Mapema Mei 1873 alifariki katika kijiji cha chifu Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Susi na Chuma, watumishi wake wa miaka mingi, ndio waliokuwa viongozi wa msafara. Watu walikata shauri mwili urudishwe kwao Uingereza. Moyo ulizikwa chini ya mti, na mwili ukatiwa chumvi na kuanikwa juani. Jacob alisoma sala ya maziko, kisha akachonga maandishi kwenye gome la mti ule.

Kazi yake nyingine haikuwa na sifa kubwa, nasi tunaona ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Masanduku ya marehemu yalifunguliwa mbele ya watu wote, na Jacob akaandika kila kilichomo. Msafara unaobeba mali ya marehemu husingiziwa wizi upesi. Orodha ile iliwalinda wote, wanaojua kusoma na wasiojua.

Baada ya miezi ya mwendo, wakikaribia Unyanyembe, walisikia kwamba kuna Waingereza wanakuja, na kwamba mtoto wa Livingstone yumo. Basi Jacob aliandika barua, Chuma akatangulia nayo. Ilikuwa fupi. Ilimwambia huyo mtoto kwamba baba yake amekufa kwa ugonjwa na kwamba mwili wanao. Ikataja waliopotea na waliokufa njiani. Ikaomba nguo za kununulia chakula, kwa sababu watu wana njaa. Ikauliza kama wakiingia wapige bunduki au wasipige, na kama wapige, basi waletewe baruti. Mwisho ikataja imeandikiwa wapi, na nani mwandishi.

Walimu wanaotusoma watakubali kwamba hiyo ni barua kamili. Kiingereza chake kilikuwa na makosa ya sarufi ambayo leo yangepigwa kalamu nyekundu. Lakini haja ilikuwa wazi: nini kimetokea, tunataka nini, tujibuni nini. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na Kiingereza ni somo, na wako watoto wengi wanaonyamaza darasani kwa kuogopa kukosea. Jacob hakungoja sarufi ikamilike. Watu nyuma yake walikuwa na njaa.

Aliyeipokea hakuwa mtoto wa Livingstone, ambaye alikwisha kurudi kwao. Alikuwa Luteni Cameron. Homa ilikuwa imemdhoofisha hata macho, na daktari wake naye alikuwa mgonjwa. Waliisoma pamoja wakababaika, wasijue baba aliyekufa ni wa nani, mpaka Chuma alipoletwa mbele yao akawaeleza kwa mdomo. Kalamu na ulimi vilisaidiana.

Cameron alishauri mwili uzikwe pale pale Unyanyembe. Wale watu wakakataa. Mbele, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wakatengeneza mzigo wa uongo, wakaurudisha nyuma kana kwamba ndiyo maiti, na mwili wenyewe wakaufunga kama mtumba wa nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Hapo Kiingereza kikaanza kuwagawa. Wamisionari waliomsomesha Jacob walimlipia nauli akafuatana na mwili. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa mmoja wa waliosindikiza jeneza katika kanisa la Westminster, London. Susi na Chuma, waliouongoza msafara wote, walifika Uingereza maziko yamekwisha. Sisi tunaona haikuwa haki, ingawa kosa si la Jacob. Baadaye wawili hao walikaa na Horace Waller wakimsimulia, na masimulizi yao yakaingia katika kitabu cha safari za mwisho za Livingstone kilichotoka mwaka ule ule.

Jacob aliacha daftari la safari kwa mwandiko wake, na mwaka 1874 lilichapishwa kwa Kijerumani. Kwa hiyo safari hiyo hatuijui kwa maneno ya Wazungu tu. Mwenzake wa Nasik, Carus Farrar, naye aliacha maelezo.

Alirudi Afrika Mashariki, akafanya kazi na wamisionari pwani na bara. Siku zake za mwisho zilikuwa Urambo, nchi ya Mirambo, magharibi ya Tabora, ambako London Missionary Society walikuwa na kituo. Alifariki huko mwaka 1892. Reli ilikuwa haijafika, na barua kati ya Urambo na pwani zilikuwa bado zinachukuliwa na matarishi kwa miguu.