Je, Mstahimilivu Hula Mbivu?

Kila mwaka wanafunzi wetu huandika insha kuthibitisha kwamba mstahimilivu hula mbivu. Sina ugomvi na wahenga. Hata hivyo, kila nikiyatafakari maisha ya Leroy Paige, mrushaji mashuhuri wa mpira wa besiboli nchini Marekani, methali hiyo hunitia mashaka.

Paige alizaliwa mwaka wa 1906 mjini Mobile, jimbo la Alabama, katika familia maskini ya watu weusi. Utotoni alichukua mizigo ya abiria kwenye stesheni ya gari la moshi, akapewa lakabu ya Satchel, yaani mkoba. Akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa katika shule ya watoto watukutu kwa kosa la wizi. Huko ndiko alikofunzwa kurusha mpira.

Alianza kulipwa kwa kipawa chake mwaka wa 1926. Kazi ya mrushaji ni kumtupia mpira mpinzani aliyeshika gongo, asiweze kuupiga. Mipira ya Paige ilipita kama mshale. Hata wachezaji weupe waliokutana naye katika mechi za maonyesho waliukiri umahiri wake. Lakini ligi kuu zilikuwa za weupe pekee. Kwa zaidi ya miaka 20 akawa mtu wa safari, akicheza katika ligi za weusi na hata nchi za ng'ambo.

Jackie Robinson alivunja mwiko huo mwaka wa 1947. Mwaka uliofuata, Cleveland ilimsajili Paige akiwa na miaka 42. Alishinda mechi 6, akapoteza 1, na timu yake ikatwaa ubingwa. Alirusha mpira katika ligi kuu kwa mara ya mwisho mwaka wa 1965, akiwa na miaka 59. Alifariki mwaka wa 1982. Ni mwaka wa 2020 tu ambapo wakuu wa besiboli walikiri kuwa ligi zile za weusi zilistahili hadhi ya ligi kuu.

Naam, Paige alikula mbivu. Lakini nyingi zilikwisha kuozea mtini. Aliyemchelewesha si majaliwa, bali ni watu walioshika ufunguo. Kwa hivyo walimu wenzangu, tunapoisifu subira darasani, tuwaache wanafunzi waulize pia ni nani aliyeufunga mlango.